Jaketi la Majini Juu ya Kanoni

Étienne alishuka garini akiwa na pingu mikononi, akachechemea moja kwa moja hadi ukingoni kama mtu anayeonyesha mpaka wa shamba lake.

"Ni hapa," akasema. "Nilimusukumia hapa."

Inspekta Kavira alifunga mlango wa gari, akakaza mkanda wa suruali, akatazama. Chini kabisa Ziwa Albert lilikuwa limetulia, limeng'aa kama bati jipya, na ng'ambo milima ya Uganda ilionekana waziwazi. Jumapili watu hutoka Bunia kuja hapa kupiga picha. Maharusi husimama na migongo yao kwa ziwa, bibi harusi akishikilia shela isipeperuke. Mahali hapa panaitwa Kanoni, kwa sababu zamani za Wabelgiji palijengwa ngome ya zege na kuwekwa mizinga miwili, ikimngojea adui ambaye, jinsi watu wanavyosimulia, hakutokea hata siku moja. Mizinga iliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Zege lilibaki, limeota kuvu, limeandikwa majina ya wapenzi kwa makaa.

Siku nne zilizopita, Jumapili, nahodha Prudent alianguka kutoka hapa akafa. Hapakuwa na mtu hata mmoja kandokando ya ziwa aliyemlilia.

Kisa chake kilijulikana hadi sokoni Mudzipela. Miezi kumi na moja iliyopita mtumbwi wake wa injini ulizama ukiwa na watu ishirini na wawili. Tisa walikufa. Mmoja wao alikuwa Chance, msichana wa miaka kumi na minne, mtoto wa pekee wa Étienne huyu. Prudent alitoka majini akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Chance alitolewa bila jaketi. Nahodha aliapa mahakamani kwamba jaketi zilikuwa chache na msichana hakupewa. Ushahidi haukupatikana, akaachiliwa, na wiki ileile akarudi ziwani na mtumbwi mwingine.

Jumanne Étienne aliingia mwenyewe ofisini kwa Kavira akasema, "Njo mimi nilimuua." Mkuu wa Kavira alifurahi kama mtu aliyepewa likizo. Kesho Ijumaa faili ingekwenda parquet, kwa waendesha mashtaka, na Étienne angekwenda gerezani kwa maisha yake yote. Kavira aliomba siku moja tu, aje na mtu huyu mahali penyewe, aonyeshe alivyofanya. Kuna jambo lilikuwa linamkera tangu Jumatatu, siku mwili ulipookotwa. Mkononi mwa maiti, vidole vikiwa vimekaza, palikuwa na jaketi la kuokolea la rangi ya chungwa. Jambo hilo lilijulikana na watu watatu tu: yeye, daktari, na Didier. Didier alikuwa dereva na mpiga picha wa ofisi, mtu wa Kisangani, mwenye tumbo la kutosha na maneno zaidi ya kutosha.

"Labda alitaka kukalia," Didier alikuwa amesema siku ile. Kavira alimtazama mpaka akajionea haya. Mtu anapeleka wapi jaketi la majini juu ya mlima?

"Anza tena, Papa Chance," Kavira akasema sasa. "Polepole. Didier anapiga picha."

"Mimi nilisimama hapa. Yeye pale. Nilimupiga na mikono mbili hapa ku kifua, akaanguka."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa. Dimanche."

"Alikuwa ameshika nini?"

"Hakushika kitu."

"Hakika?"

"Mikono ilikuwa wazi. Aliinyoosha sawa mutu anaomba pardon."

Kavira aliandika neno kwa neno. Kisha akamwonyesha Didier gunia la mchanga walilotoka nalo Bunia. Didier alilikokota hadi pale Étienne alipoonyesha, akahema, akalisukuma. Gunia lilishuka kimo cha nyumba ya ghorofa moja, likatua kwenye kibaraza kipana cha mwamba chenye vichaka, likakaa. Hata halikupasuka.

"Mtu angevunjika mguu," Kavira akasema. "Angekutukana, kisha angepanda juu tena. Prudent tulimwokota upande ule, kusini, juu ya mawe. Alizunguka mlima akiwa hewani?"

Étienne alilamba midomo. "Labda nasahau upande. Nilikuwa na hasira."

"Hasira inasahaulisha upande. Hata mahali wewe mwenyewe ulipokuwa umesimama?"

Kwenye mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko, Étienne alikuwa amefunga utepe mweusi wa matanga. Ulikuwa umechakaa, umegeuka kijivu kwa jua la Nizi, anakochimba dhahabu.

Upande wa kusini, chini ya dari ya ngome, kulikuwa na chumba ambamo zamani mzinga wa pili ulikaa. Kuingia ni kwa mlango mfupi wa zege, wa kupitia kwa magoti. Tundu la mzinga linatazama ziwa, na chini ya tundu hakuna vichaka wala kibaraza. Kuna mawe tu.

"Ingia," Kavira akamwambia Étienne, akamfungua pingu.

"Kufanya nini?"

"Kama alianguka upande huu, alitokea humu. Ingia unionyeshe."

Étienne aliinama. Goti la kulia lilikataa. Alijaribu kukaa chini kwanza na kujivuta kwa makalio, mguu ukakwama kwenye kizingiti kama mti. Alijaribu kwa tumbo. Jasho lilimtoka, akang'ata meno, na Kavira alimwacha ajaribu mpaka ilipokuwa aibu kutazama. Goti hilo liliharibiwa na gogo la kushikilia shimo la mgodi, mwaka uliopita. Halikunji.

"Inatosha," akasema. "Hujawahi kuingia humu."

"Basi alikuwa na mwenzake, chef," Didier akadakia. "Yule mama wa chai pale anasema Jumapili walikuja wachimbaji wa Nizi, kikundi kizima. Rafiki zake hao!"

Étienne alikamata maneno hayo kama mtu anayezama. "Njo vile. Haikuwa mimi peke. Nilikuwa na batu."

"Majina yao?"

"Siwezi kuyataja."

"Dakika tano zilizopita ulikuwa peke yako, upande mwingine, na mikono miwili kifuani mwa mtu. Ukiendelea hivi, kufika jioni utaniambia alikufa kwa malaria."

Alimwacha na Didier, akaenda kwa mama wa chai. Aliitwa Séphora, mwanamke mnene aliyekuwa na jiko la makaa, birika na beseni la mikate ya kukaanga chini ya mwavuli uliopauka. Alimpa Kavira kikombe kabla ya kuulizwa.

"Hao wachimbaji wa Jumapili, Mama Séphora. Saa tisa walikuwa bado hapa?"

"Batu ya kusali? Walikuya asubui, wakaimba, saa sita banaenda. Bote. Saa tisa hakukuwa mutu ya Nizi hapa."

"Na yule baba pale, ulimwona Jumapili?"

Séphora alimtazama Étienne kwa muda. "Yeye? Nilimuona mardi mapema. Alikuya na pikipiki, akaangalia chini, akaangalia, akaenda. Dimanche, hapana."

Jumanne mapema. Yaani alikuja kwanza kutazama mahali, kisha akashuka Bunia kukiri. Kazi ya uongo ilimwamsha mapema, maskini.

"Nani mwingine alikuwepo saa tisa?"

"Chef, nikuambie kweli," Séphora akasema, na sauti yake ikawa ngumu. "Ile siku walimuokota, batu ya chini kule walichinja mbuzi. Mimi nilipatia batu chai bure. Ule mwanaume aliua batu kenda, na kila asubui anatupita hapa na pikipiki anatusalimia. Mimi sitakusaidia."

"Sikuombi unisaidie kumlilia. Kuna mtu kule amekiri kitu ambacho hakufanya. Kesho wanamfunga kwa maisha. Huyo naye utampa chai bure?"

Séphora alikoroga birika ambalo halikuhitaji kukorogwa.

"Kulikuwa mwanamuke moja," akasema mwishowe. "Wa deuil, wa matanga. Kikwembe nyeusi, kitambaa nyeusi ku kichwa. Alishuka mu kile chumba. Banamuke ya deuil banapendaka kusali mule, sikushangaa."

"Alitoka saa ngapi?"

"Sikumuona kutoka. Alitoka mwingine, wa kikwembe ya maua."

"Huyo wa maua aliingia saa ngapi?"

"Sikumuona..." Alichukua kikombe cha Kavira kabla hakijaisha, akakimwaga chini. "Mimi nimemaliza kusema."

Kavira aliingia chumbani kwa magoti, tochi mdomoni. Didier alifuata akilalamika juu ya tumbo lake. Ndani palinuka popo na moshi. Tundu la mzinga lilikuwa na upana wa kitanda cha mtu mmoja na kimo cha kumfika mtu mapajani. Ukilala kifudifudi ukachungulia, unaona mawe ya chini na ziwa baada ya mawe. Nje ya tundu, mbali kidogo kuliko mkono unavyofika, kulikuwa na chuma cha zamani kilichochomoza ukutani. Kutu yake ilikuwa imekwanguliwa karibuni, na kwenye ncha kulining'inia uzi mfupi wa rangi ya chungwa.

"Piga picha hiyo," akasema. "Jaketi lilitundikwa nje. Mtu aliambiwa alichukue. Ili alichukue ilibidi alale, ajivute mpaka kiunoni awe nje. Baada ya hapo haihitaji nguvu. Mtu anakamata miguu tu, anainua."

"Mwanamke anaweza?"

"Mama yako alibeba gunia la mihogo kichwani au hakubeba?"

Pembeni, mbali na upepo, palikuwa na majivu. Didier aliyasukuma kwa kiatu. "Watu wanachoma takataka humu."

"Toa mguu wako!"

Kavira alichuchumaa. Kati ya majivu kulisalia pindo la kitambaa cheusi, upana wa vidole viwili. Kando, wembe, chupa ya maji iliyo tupu, na nywele. Nywele fupi, nyingi, za kichwa kizima. Alikaa akizitazama. Miaka mitatu iliyopita, Butembo, shangazi zake walimkalisha yeye mwenyewe juu ya mkeka wakamnyoa, wakammwagia maji, wakachoma nguo zake nyeusi nyuma ya nyumba, wakamvisha kitenge kipya. Ilikuwa baada ya misa ya mwaka wa mume wake.

"Kwenu Kisangani mnamalizaje matanga?" akauliza.

"Misa, halafu chakula. Familia yote inavaa kikwembe kimoja. Nguo nyeusi zinachomwa." Didier alitazama majivu upya. "Ah."

"Familia yote, Didier. Siku iliyopangwa. Baba na mama pamoja. Huyu alitoka matangani peke yake, humu ndani, maiti ikiwa bado ina joto huko chini. Hakuweza hata kungoja kufika nyumbani."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na Kavira alilielewa kupita alivyopenda. Mtu anayeua kwa ajili ya kitu kingine anachukua nguo zake, anakwenda. Huyu aliona deni la mtoto limelipwa, na akiwa na deni lililolipwa hakuvumilia nguo nyeusi hata dakika kumi zaidi.

Nje, Étienne alikuwa ameketi kwenye jiwe, mguu mbovu umenyooka mbele.

"Matanga ya Chance yanaisha lini?" Kavira akamwuliza.

"Mwezi ujao. Padri ameandika misa."

"Wewe bado umefunga utepe. Mama Chance anavaa nini nyumbani?"

Étienne aliufunika utepe kwa kiganja.

"Nadhani ulirudi kutoka Nizi Jumatatu, ukafungua mlango. Uliona nini?"

"Sikuona kitu."

Kavira alitoa mfuko wa kielelezo kwenye mkoba, akalitandaza jaketi juu ya jiwe. Étienne alishtuka kwa namna ambayo hakuna mtu anayeweza kuigiza. Hakujua kabisa. Kwenye kifungo cha plastiki cha kifuani ulikuwa umejisokota uzi wa zambarau, pamoja na unywele.

"Uzi huu ni wa nini?"

"Ni uzi tu," Étienne akasema. "Uzi ya kushonea?"

Kabla Kavira hajasema neno, pikipiki ilipanda ikitifua vumbi. Abiria alishuka kabla haijasimama sawasawa: mwanamke mrefu, mwembamba, kikwembe cha maua mekundu, kitambaa cha maua hayohayo kichwani, na mkononi sufuria ndogo iliyofungwa kwa taulo. Étienne alisimama kwa mguu mmoja.

"Angélique, rudi nyumbani."

Angélique hakumtazama. Alimwendea Kavira. "Weye njo OPJ, mupelelezi? Nilipeleka chakula yake ku cachot, mu mahabusu. Wakaniambia hapana, bwana yako ameenda kuonyesha vile aliua Prudent." Aliweka sufuria chini taratibu sana. "Mimi nilijua wamemufunga juu ya kumuuliza tu. Sikujua amesema ni yeye."

"Na si yeye?" Kavira akauliza.

Macho ya Angélique yalishuka kwenye jiwe. Aliliona jaketi. Alipiga magoti akagusa uzi wa zambarau kwa ncha ya kidole.

"Hii nilisuka mimi," akasema. "Asubui ya safari. Saa ine nzima, anasinzia mu miguu yangu. Mwezi uliopita nilivuka kwenda kununua samaki, na nahodha mwingine. Alikodi gilet, majaketi haya, kwa Prudent. Wakanivalisha hii. Nikiwa katikati ya maji nikaona uzi ya mutoto yangu ku kifungo, na sikuirudisha." Alitoa kidole kwenye uzi. "Prudent alisema hakumupatia gilet. Alimupatia. Halafu alimuvua, na nywele ikatoka."

"Kwa nini hukuileta mahakamani?"

"Tribunal ilimuachilia mara moja. Ningewapelekea uzi?"

"Usiseme tena, Mama Chance," Étienne akamsihi. "Nimeisha sema mimi."

"Nilimupigia simu," Angélique akaendelea, akimwambia Kavira peke yake. "Nikasema nimekusamehe, kuya uchukue gilet yako, tusali pamoja. Akakuya mbio. Nilikuwa nimetundika inje ku chuma. Nikamuambia, ile pale. Akalala, akanyoosha mukono. Nikakamata miguu."

"Ulimwambia kitu?"

"Nilimuuliza kama maji iko baridi."

Didier aliacha kupiga picha. Kavira aliendelea kuandika, mkono wake ukiwa thabiti, akijichukia kidogo kwa uthabiti huo.

"Andika kama ni mimi," Étienne akasema. "Chef, nakuomba. Nani atajua?"

Ndipo Angélique alipomgeukia.

"Weye? Siku ya kuzika Chance, Prudent alikuya na muchele, na sanduku ya kuzikia. Mbele ya batu yote ulimupatia mukono. Ulisema ni mapenzi ya Mungu. Ulikula ile muchele, Étienne, na mimi niko chini nalia. Leo nimefanya kazi ya baba wa mutoto, unataka kuchukua na hii? Batu ya Mudzipela waseme Étienne ni mwanaume?"

"Nilitaka usifungwe."

"Na ile ingine?"

Upepo wa ziwa ulipanda ukapeperusha utepe wa Étienne.

"Na ile ingine," akakubali. "Nilitaka zote mbili."

"Andika jina yangu," Angélique akamwambia Kavira. "Yote. Na ya baba yangu, si ya huyu."

Kavira aliandika, akamsomea, Angélique akasaini kwa herufi za shule, moja moja. Alipomaliza alirudisha kalamu, lakini hakuinuka.

"Daktari wenu alimuangalia. Anasema ilichukua wakati gani?"

Ripoti ilikuwa mkobani. Kavira angeweza kusema lolote, na hapakuwa na mtu wa kumsahihisha. Kwa muda mfupi alitaka kumpa mwanamke huyu usiku mzima, nahodha akilala juu ya mawe akiita watu. Lakini alishasikia uongo wa kutosha leo.

"Shingo ilivunjika. Pale pale."

"Pale pale?"

"Ndiyo."

"Batu walioshika bidon, madumu ya kuelea, walinisimulia. Chance aliniita mpaka sauti ikaisha. Jua lilikuwa limehama." Angélique alitazama ziwa, kisha akatazama mumewe, kwa muda mrefu, kama anayepima kitu. "Basi haitoshi."

Kavira alimfunga pingu zilezile, akamkalisha kiti cha nyuma, akaketi kando yake. Didier aliwasha gari. Étienne alikuja mpaka dirishani akijivuta kwa mguu wake, akashika kioo.

"Chef, na mimi nipande? Kufika Bunia ni mbali."

"Hapana," Angélique akasema, akitazama mbele. "Atembee."

Nafasi ilikuwepo mbele, karibu na Didier, na sheria haikatazi. Kavira alitazama goti lile, akatazama barabara, akafunga kioo.